Swichi Iliyokwama: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tiba Lengwa ya Saratani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: hizi dawa za saratani zinazosemwa "zinalenga" zinalenga nini hasa, na kwa nini zinamfaa mmoja na kumpita jirani mwenye saratani ya jina lile lile? Dozi tunazotaja ni zile za kawaida zilizoidhinishwa, ili uelewe kilichoandikwa kwenye faili lako. Anayezibadilisha ni daktari wako, si gazeti.

Kemo na tiba lengwa

*Kaka yangu anachomwa kemo na nywele zimeisha. Mwenzake wa kitanda cha pili anameza vidonge tu, na nywele zake zipo. Wote wana saratani. Imekuwaje? – Msomaji, Morogoro*

Seli haijiamulii kugawanyika, husubiri kuambiwa. Kichocheo cha ukuaji hufika ukutani mwa seli na kubisha hodi kwenye kipokezi, protini iliyotoa kichwa nje na kuacha mkia ndani. Kichwa kikishikwa, mkia unaamka na kumwamsha wa pili, wa pili anamwamsha wa tatu, kama vibarua wanaorushiana tofali kutoka chini hadi ghorofani, mpaka ujumbe ufike kwenye kiini zilipo jeni na amri itoke: gawanyika. Tofali hapa ni fosfeti. Protini zinazoirusha huitwa kinasi, nazo huitoa kwenye ATP, molekuli ile ile inayobeba nishati ya seli. (Mfano wa tofali una kasoro: kila kinasi huchukua fosfeti yake mpya, hairushwi moja toka mwanzo hadi mwisho.)

Foleni mbili za namna hii hutajwa sana kwenye saratani. Moja ni RAS, RAF, MEK na ERK, inayohimiza mgawanyiko. Nyingine ni PI3K, AKT na mTOR, inayoiambia seli ile, inenepe na isife. Kwa mtu mzima wa afya swichi hizi huwaka na kuzimika zenyewe. Saratani nyingi zina kiungo kimoja au zaidi kilichokwama kikiwa kimewaka, kwa hiyo amri ya kugawanyika inatoka ilhali mlangoni hakuna aliyebisha.

Kemo haijali foleni. Inashambulia kila seli iliyo katika kugawanyika, na seli za mzizi wa nywele, za ute wa mfupa na za utando wa mdomo hugawanyika upesi, ndiyo maana zinaumia pamoja na uvimbe. Tiba lengwa hutafuta kiungo kimoja na kukibana. Haina maana kwamba haina madhara. Madhara yake hutokea pale ambapo kiungo hicho kinatumika pia kwenye seli zenye afya.

Jina la dawa litakusaidia kujua inafanyaje kazi. Ikiishia na -mabu (kwenye boksi -mab), ni kingamwili: kubwa, haiingii ndani ya seli, hushika kichwa cha kipokezi kwa nje, na hutolewa kwa dripu au sindano kwa sababu ukiimeza tumbo litaiyeyusha kama nyama. Ikiishia na -nibu (kwenye boksi -nib), ni molekuli ndogo, kidonge, inayopenya hadi ndani na kuziba mahali kazi ya kimeng'enya inapofanyika.

Imatinibu, Ramadhani, na hamu ya kupumzika dawa

*Shikamoo daktari. Nina lukemia (saratani ya damu) ya CML mwaka wa tatu sasa, nameza imatinibu 400 mg kila siku. Najisikia mzima kabisa. Je, naweza kufunga Ramadhani? Na nikiiacha dawa miezi michache mwili upumzike, kuna ubaya? – Msomaji, Tanga*

Marahaba. Tuanze na kufunga, maana ndilo jepesi. Imatinibu ya 400 mg humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Ihamishie kwenye futari: futuru, kula, kisha meza kidonge na maji kamili. Usikimeze dakika ya mwisho ya daku kisha ukajilaza, kwani kinawasha tumbo na koo la chakula. Asiyeweza kumeza kidonge kizima akiyeyushe kwenye maji, 200 ml kwa kidonge cha 400 mg, akoroge na anywe papo hapo. Wanaotumia 800 mg hugawa mara mbili. Hao, pamoja na wenye kuharisha au shida ya figo, wazungumze na kliniki kabla ya mwezi kuandama.

Kupumzika dawa ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kipande cha kromosomu ya 9 na cha 22 vilibadilishana mahali. Pale viliposhonwa pamoja ilizaliwa jeni mseto, BCR-ABL, inayotengeneza kinasi isiyojua kuzimika. Imatinibu huingia kwenye kishimo ambamo kinasi hiyo hushikia ATP, ikaifunga katika umbo la kuzimwa. Marekani iliidhinisha dawa hii Mei 2001. Katika utafiti ulioitwa IRIS, takriban asilimia 83 ya walioanza na imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Kwa ugonjwa ambao awali wengi waliishi nao miaka michache tu, huo ni ukurasa mpya. Mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation wa kutoa Glivec (jina la biashara la imatinibu) bila malipo ulifika Kenya, Uganda na Tanzania, na wagonjwa wengi wa CML wa ukanda huu walianzia hapo.

Lakini imatinibu inabana swichi, haiing'oi. Kwenye ute wa mfupa hubaki seli mama chache zenye BCR-ABL, kimya. Ukiondoa kibano, zinaamka. Tena hatari haiko kwa anayeacha kabisa tu, iko pia kwa anayerukaruka. Watafiti wa London waliwapa wagonjwa 87 chupa zenye kifuniko cha elektroniki kinachorekodi kila kinapofunguliwa, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge, karibu wote, asilimia 94.5, walifikia upungufu mkubwa wa BCR-ABL ndani ya miaka 6. Kati ya waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 28 tu. Asilimia 10 ya mwezi ni vidonge 3. Msiba mmoja wa kusafiri bila dawa mkobani unatosha.

Kujisikia mzima si kipimo. Hata picha kamili ya damu ikiwa safi, bado si kipimo kinachotosha. Kinachokuhusu ni PCR ya BCR-ABL, kipimo cha damu kinachokadiria wingi wa jeni hiyo mseto, inayosomwa kwa skeli ya kimataifa: miezi 3 tangu kuanza iwe asilimia 10 au chini, miezi 6 asilimia 1 au chini, miezi 12 asilimia 0.1 au chini. Baada ya hapo rudia kila miezi 3. Usikate tamaa ukidhani kipimo hiki kipo ng'ambo tu: mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zina katriji ya BCR-ABL pia, ukiwekwa utaratibu wa kuipata. Ukivuka kiwango kwa juu, swali la kwanza ni kama vidonge vimemezwa. La pili, kuna dawa gani nyingine unazomeza pamoja nayo. La tatu ndilo la jeni: BCR-ABL yenyewe inaweza kubadilika herufi moja na kumkataa imatinibu. Badiliko baya zaidi ni T315I, ambalo dasatinibu na nilotinibu nazo haziliwezi. Hapo hutafutwa ponatinibu au asiminibu.

Hilo swali la pili linastahili kukaziwa, kwa sababu kwetu kifua kikuu hakiko mbali. Rifampisini huchochea ini liivunje imatinibu upesi, kiasi kwamba kinachobaki kwenye damu hupungua kwa karibu robo tatu. Unameza kidonge kizima lakini mwilini ni kama umemeza robo. Fenitoini na kabamazepini za kifafa, pamoja na efavirenzi, zina mwelekeo huo huo. Juisi ya balungi hufanya kinyume, hupandisha dawa. Ukianzishwa tiba ya kifua kikuu, daktari wa kifua na wa damu wapigiane simu kabla hujameza kidonge cha kwanza.

Kuvimba kope asubuhi, kubanwa misuli ya miguu usiku na kichefuchefu ni vya kawaida, vinavumilika na vina tiba. Kinachosimamisha dawa kwa muda ni damu: neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu) zikishuka chini ya 1.0 au chembe sahani chini ya 50 (zote kwa bilioni kwa lita), dawa husimama mpaka zifike 1.5 na 75, ndipo hurejeshwa. Usipunguze dozi mwenyewe kuwa 200 ili "mwili uzoee". Hiyo ni njia nzuri ya kuilea seli sugu.

Je, kuna wanaoacha kabisa? Wapo. Wawe wametumia dawa miaka 3 au zaidi, BCR-ABL iwe asilimia 0.01 au chini kwa miaka 2 mfululizo, na kuwe na maabara inayoweza kupima PCR kila mwezi kwa miezi 6 ya mwanzo. Hata hivyo kwa takriban nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya hiyo miezi 6, na hurudishwa kwenye dawa mara moja. Mahali ambapo jibu la PCR linachukua wiki nyingi, ushauri wetu ni usijaribu. Wanawake wasishike mimba wakiwa kwenye imatinibu bila mpango wa daktari.

HER2 ya 2+

*Mama amekutwa na saratani ya titi. Ripoti inasema ER hasi, PR hasi, HER2 2+. Daktari anataka kipimo kingine cha pesa. Familia inasema hizo pesa bora zinunue Herceptin moja kwa moja. – Msomaji, Mombasa*

Mpe mama pole. Daktari yuko sahihi, na sababu ni hii. ER na PR ni vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni. HER2 ni kipokezi kilicho kwenye seli za kila titi, kwa kiasi kidogo. Katika takriban saratani 15 hadi 20 za titi kati ya 100, jeni yake hujirudufu mara nyingi, seli ikafunikwa na vipokezi hadi vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwaka bila kichocheo. Trastuzumabu, ambayo jina lake la kwanza la biashara ni Herceptin na iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, hukishika kipokezi hicho kwa nje, inapunguza ujumbe wake, na inakiwekea alama ili askari wa kinga waione seli hiyo. Kama msongamano huo haupo, dawa haina cha kushika. Mgonjwa atalipa gharama na kuhatarisha moyo bila faida aliyoahidiwa.

Maabara hupaka rangi kipande cha uvimbe na kutoa alama. 0 na 1+ ni hasi kwa trastuzumabu. 3+ ni chanya: rangi kali imeizunguka seli nzima, kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli. 2+ ni kati, na sehemu kubwa ya 2+ huishia kuwa hasi. Kipimo cha pili, FISH, kinahesabu jeni yenyewe kwa taa za rangi ndani ya kiini: nakala za HER2 zikiwa mara 2 au zaidi ya alama ya kromosomu 17, na wastani wa nakala 4 au zaidi kwa seli, ni chanya. Ulizeni kama bloku ya nta iliyobaki, yenye kipande kile cha uvimbe, inafaa kupimwa. Kwa kawaida hamhitaji kumkata mama tena.

Ikiwa chanya, jipangieni hivi. Dozi ya kwanza ni 8 mg kwa kilo, kisha 6 mg kwa kilo kila wiki 3, kwa jumla ya mwaka mmoja. Mama wa kilo 60 ataanza na 480 mg, halafu 360 mg kila mara. Dripu ya kwanza hukimbia dakika 90, na baridi na homa siku hiyo ni vya kawaida. Zinazofuata zikivumilika hushuka hadi dakika 30. Ipo pia ya kuchoma chini ya ngozi pajani, 600 mg kwa kila mgonjwa bila kujali uzito, kwa dakika 2 hadi 5.

Kabla ya dozi ya kwanza afanyiwe eko ya moyo, irudiwe kila miezi 3. Seli za misuli ya moyo nazo hutumia HER2 kujirekebisha, ndiyo sababu dawa hii inaweza kudhoofisha msukumo wa damu. Tuseme eko ya kwanza ilisoma msukumo wa asilimia 65 na ya pili 48: zimeshuka pointi 17, dawa inasimama kwa angalau wiki 4, eko irudiwe. Kwa wengi moyo hurejea. Haichanganywi siku moja na doksorubisini, dawa ya kemo, kwa sababu hiyo hiyo, hufuatishwa baadaye.

Kuhusu bei: Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaithibitisha kwa mara ya kwanza dawa ya kampuni nyingine inayofanana nayo. Hizo zinazofanana ni halali mradi zimesajiliwa nchini. Tunayoiogopa ni chupa isiyojulikana ilikokaa: trastuzumabu lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na haiwezi kugandishwa ikabaki dawa. Aliyeisafirisha kwa basi ndani ya mfuko wa plastiki amekuuzia maji ya gharama.

Kwa wauguzi wanaochanganya

*Tunapokea chupa za trastuzumabu za 150 na 440 mg. Mara nyingine povu linajaa na hatujui kipimo cha kuvuta. – Muuguzi, Mwanza*

Chupa ya 150 mg: maji tasa 7.2 ml. Ya 440 mg: 20 ml za maji yake yenye kihifadhi. Zote mbili hutoa 21 mg kwa kila ml, kwa hiyo dozi ya 360 mg ni 17.1 ml na ya 480 mg ni 22.9 ml. Elekeza mkondo wa maji polepole kwenye unga, zungusha chupa taratibu, usitikise. Povu likitokea acha chupa isimame dakika 5. Ingiza kwenye mfuko wa 250 ml wa chumvi ya 0.9%, dripu ya glukosi inaifanya protini igande, usiitumie kabisa. Chupa ya 440 mg iliyochanganywa kwa maji yenye kihifadhi hukaa siku 28 kwenye friji, hivyo panga wagonjwa wawili siku moja au andika tarehe na kiasi kilichobaki. Ukitumia maji tasa ya kawaida, masalio yanatupwa.

Soma jina lote kwenye lebo. Trastuzumabu emtansini ni dawa nyingine, imebebeshwa sumu ya seli, na dozi yake ni 3.6 mg kwa kilo. Kuzichanganya kunaua.

Ripoti zinazorudi "haisomeki"

*Tunapeleka vipande vya uvimbe wa titi rufaa, ripoti zinarudi "haisomeki", au ER hasi kwa mabinti ambao hatukutarajia. Tunakosea wapi? – Tabibu, hospitali ya wilaya*

Swali hili ndilo linalookoa dawa nyingi zaidi kuliko yote ya mwezi huu, na kwa bahati suluhisho lake ni la bei ya chini. Vipokezi ni protini, na protini huanza kuoza dakika damu inapokatika. Kipande kilichokaa saa 5 kwenye bakuli kikisubiri mtu wa kwenda maabara kinaweza kusoma hasi ilhali mgonjwa ni chanya. Huyo atanyimwa tamoksifeni, kidonge cha bei rahisi cha saratani yenye ER, kwa sababu ya bakuli.

Kipande kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1. Titi zima au uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya unene wa 5 mm kwanza, maana fomalini hupenya polepole na katikati huoza huku nje pamekauka. Kabla ya kukata, paka wino kingo zake ili mpatholojia ajue upande. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Ikae humo saa 6 hadi 72, isipungue wala isizidi. Ijumaa jioni ni adui: kilichokatwa Ijumaa na kusafirishwa Jumanne kimeshapitiliza. Chombo kiwe na mdomo mpana, kwani nyama huingia laini na hutoka ngumu, na kwenye chupa ya shingo nyembamba mpatholojia ataivunja vipande kuitoa.

Fomalini yenyewe: kwa lita 1, chukua 100 ml ya formaldehaidi ya dukani (ile ya asilimia 37 hadi 40), maji 900 ml, sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji 4 g, na disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji 6.5 g. Hizo chumvi mbili ndizo zinazoizuia isigeuke tindikali. Wanaozimua kwa maji ya bomba tu wanapata fomalini inayochachuka na kuharibu jeni, na FISH haitafanya kazi. Spiriti na chumvi ya dripu si mbadala. Kwenye fomu andika mambo mawili ambayo karibu hakuna anayeyaandika: saa kipande kilipotolewa mwilini, na saa kilipoingia kwenye fomalini.

Tamoksifeni na joto la usiku

*Natumia tamoksifeni 20 mg mwaka wa pili. Joto la usiku limenichosha, zahanati wamenipa fluoksetini. Ni sawa? – Msomaji, Nairobi*

Si chaguo zuri. Tamoksifeni hukalia kipokezi cha estrojeni ili homoni isipate kiti, lakini ini hulazimika kuigeuza kwanza kuwa endoksifeni, kwa kimeng'enya cha CYP2D6. Fluoksetini na paroksetini hukizuia kimeng'enya hicho kwa nguvu. Mwombe daktari venlafaksini badala yake; inapunguza joto na haikigusi sana. Usiache tamoksifeni: ni ya miaka 5 hadi 10. Kuvimba mguu mmoja wenye maumivu, au kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, ni vya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukihitaji uzazi wa mpango, kitanzi cha shaba kinafaa. Vidonge vya homoni havifai.

Dawa iliyofanya kazi, kisha ikagoma

*Baba ana saratani ya pafu yenye badiliko la EGFR. Gefitinibu ilimnyanyua kitandani, baada ya miezi 11 uvimbe umeanza tena. Dawa ni feki? – Msomaji, Muscat*

Huenda si feki hata kidogo. Huo ndio muda ambao dawa za kizazi hicho hudumu kwa wengi. EGFR ni kipokezi, ndugu yake HER2, na kwenye saratani ya baba mkia wake unawaka wenyewe. Gefitinibu ya 250 mg ilikaa kwenye kishimo cha ATP ikauzima. Katika mamilioni ya seli zile, chache zilikuwa au zikapata badiliko la pili kwenye kishimo hicho hicho, T790M, linalompa ATP nafasi nzuri kuliko dawa. Nyingine zikafa, hizo zikabaki na shamba lote. T790M hupatikana kwa takriban nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo katika hali kama ya baba, na osimertinibu ya 80 mg kwa siku iliundwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye kemo omba kipimo kirudiwe, cha kipande kipya au cha damu. Damu ikisema hakuna T790M haijamaliza hoja, kwa sababu si kila uvimbe humwaga DNA ya kutosha. Kipande ndicho kitaamua. Siku hizi wengi huanzishwa osimertinibu tangu mwanzo: katika utafiti wa FLAURA ilizuia ugonjwa kwa wastani wa miezi 18.9, dhidi ya 10.2 kwa dawa za kizazi cha baba.

Njia nyingine ya kutorokea ni kuzunguka. Seli huacha mlango wa EGFR ulivyofungwa na kuwasha wa jirani, MET, unaoangukia kwenye foleni ile ile chini. Mfano bora wa mchezo huu uko kwenye saratani nyingine. BRAF V600E (badiliko kwenye RAF ya foleni yetu ya kwanza), swichi moja ile ile, ikiwa kwenye melanoma, saratani ya ngozi, vemurafenibu hupunguza uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa. Ikiwa kwenye utumbo mpana, ni karibu 5 tu kati ya 100. Dawa sawa, badiliko sawa! Kumbe foleni hujirekebisha: ERK ikiwa juu huwa inaikandamiza EGFR, ukizima BRAF ukandamizaji unaondoka, na seli za utumbo, zenye EGFR nyingi, zinawaka upya kwa mlango wa mbele. Ndiyo maana utumboni hupewa enkorafenibu ya kuzima BRAF pamoja na setuksimabu ya kuziba EGFR, bana huku na huku.

Vipele vya usoni na kuharisha kwa baba ni ishara kwamba dawa inagusa EGFR ya ngozi na utumbo. Mafuta mazito ya ngozi, kofia juani, na doksisaikilini ikiandikwa na daktari vinasaidia. Kikohozi kipya kikavu na kuhema kusikoeleweka ni tofauti: asimamishe dawa na aonwe siku hiyo, mapafu yanaweza kuwa yamevimba kwa dawa yenyewe.

Uvimbe wa taya wa mtoto

*Mjukuu wangu wa miaka 6 ana uvimbe wa taya, wameuita Burkitt. Mbona hapewi hizi za kulenga? – Bibi, Kisumu*

Shikamoo bibi. Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Swichi yake inajulikana vizuri: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia ya 14, na jeni ya MYC ikawekwa chini ya amri ya jeni ya kingamwili isiyolala. Tatizo ni umbo la protini ya MYC. Haina kishimo cha kuingiza dawa, ni kama ukuta laini usio na tundu la ufunguo. Ila usihuzunike: kwa kuwa seli hizi hugawanyika kwa kasi mno, kemo ya kawaida yenye saiklofosfamidi ndiyo inayozipata, na watoto wengi hupona.

Kwa kasi hiyo hiyo, wiki moja ya kusubiri ni ndefu. Na siku za kwanza za dawa seli zinakufa kwa wingi hadi figo zinazidiwa na takataka zake, kwa hiyo mtaona amewekewa dripu mfululizo na kupewa alopurinoli, na wauguzi wanapima mkojo kila saa chache. Wakikuomba usimwage mkojo wake kabla haujapimwa, wana sababu.